KOLESTEROLI: NI YA MEZANI AU NI YA UKOO?

Kila tukikutana kwenye shughuli zetu, iwe Idi au sherehe ya kumpongeza aliyemaliza digrii, sinia la pilau likishatua lazima atokee mmoja wa kusema, "Jamani, kolesteroli hiyo!" Watu wanacheka, wanaendelea kula. Dhana iliyomo ndani ya utani ule ni kwamba kolesteroli inatoka mezani: mnene anayo, mwembamba hana, mla nyama anayo, mla mchicha hana. Dhana hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni urithi, na hiyo ndiyo inayoangusha watu wa miaka 40 ambao hawakuwa wanene, hawakuvuta sigara, na ambao nyumbani tunasema juu yao, "alikuwa mzima kabisa, alianguka tu."

Tuanze na msingi. Kolesteroli, au lehemu kama wanavyoiita wengine, siyo sumu. Ni aina ya mafuta ambayo kila seli ya mwili inayahitaji kujengea ukuta wake, na mwili unaitumia kutengenezea homoni, vitamini D na nyongo. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini mwako hukuila. Mwili wenyewe umeitengeneza. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha mayai miezi sita, akarudi kupima, akakuta namba imeshuka kidogo tu. Mafuta mazito, yale yanayoganda kukiwa na baridi, yana kesi kubwa kuliko yai, kwa sababu yanalipunguzia ini uwezo wa kuondoa kolesteroli kwenye damu. Samli imo humo, nyama nono imo, na ndiyo, ndugu zangu wa pwani, tui zito la nazi nalo limo.

Mafuta na maji havichanganyiki, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo kolesteroli husafirishwa ikiwa imefungwa ndani ya vifurushi vya protini. Vifurushi vinavyotajwa zaidi kwenye karatasi ya majibu ni LDL na HDL. LDL ndiyo inayoleta matatizo: ikiwa mingi na ikikaa muda mrefu kwenye damu, inapenya ukuta wa mishipa, inajikusanya humo, na baada ya miaka panatokea uvimbe wa mafuta ndani ya ukuta wa mshipa. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba. Ukiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, ukiziba kwenye ubongo ni kiharusi. Zingatia neno "miaka". Kinachoumiza siyo namba ya leo peke yake, ni namba mara miaka uliyoishi nayo. Hapo ndipo urithi unapokuwa na nguvu kuliko chakula, manake jeni unazo tangu tumboni mwa mama.

Sasa ini linaondoaje LDL kwenye damu? Fikiria makuli wa bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Meli imefika, mizigo iko gatini. Kuli anatoka ghalani, anabeba gunia, analiingiza ndani, analitua, anarudi tena gatini kuchukua jingine. Juu ya seli za ini kuna protini zinazofanya kazi hiyo hiyo. Zinaitwa vipokezi vya LDL. Kipokezi kinakamata kifurushi, kinazama nacho ndani ya seli, kinakiacha humo kivunjwevunjwe, halafu kinarudi juu. Kipokezi kimoja kinaweza kwenda na kurudi zaidi ya mara 100. Ukiwa na makuli wengi, gati ni safi. Wakiwa wachache, mizigo inarundikana.

Waliogundua vipokezi hivyo ni Michael Brown na Joseph Goldstein, wa chuo kikuu cha tiba huko Dallas, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walifikaje hapo? Kwa kuchunguza watoto wagonjwa. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na LDL ya juu ajabu, mara nne mpaka sita ya kawaida, na wengine wanapata mshtuko wa moyo kabla ya kufikisha miaka 20. Brown na Goldstein walichukua seli za ngozi za wagonjwa wa namna hiyo, wakazikuza maabara, wakakuta kwamba seli haziwezi kushika LDL. Makuli hawapo. Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi, iliyoko kwenye kromosomu ya 19, ilikuwa imeharibika kwenye nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Mwaka 1985 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel.

Ugonjwa huo una sura mbili. Ile ya nakala mbili mbovu ni adimu, mtu mmoja katika kama laki mbili na nusu mpaka tatu. Lakini aliyerithi nakala moja mbovu, kutoka kwa baba au kwa mama, siyo adimu hata kidogo: ni kama mtu 1 kati ya 250. Hesabu hiyo ipeleke kwenye chuo chenye wanafunzi 20,000, unapata kama 80. Mtu huyo ana nusu ya makuli, LDL yake ni kama mara mbili ya kawaida tangu utotoni, na yeye hasikii chochote. Haumwi kichwa, hakohoi. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume wa namna hii hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 50, na kwa wanawake ni kama asilimia 30 kabla ya miaka 60. Wengi wao duniani hawajawahi kuambiwa. Wapo jamii ambazo hali hii imezidi kwa sababu za kihistoria. Makaburu wa Afrika Kusini ni mfano maarufu: walitokana na walowezi wachache, na baadhi ya walowezi hao walikuja na jeni hiyo, basi katika baadhi ya maeneo yao imekuwa karibu mtu 1 kati ya 80.

Wenzetu mlioko Oman na nchi za Ghuba, na sisi wa pwani kwa jumla, hapa tuzungumze kwa heshima lakini wazi. Ndoa ya binamu haitengenezi jeni mbovu. Inachofanya ni kuongeza uwezekano wa nakala mbili za aina moja kukutana kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mke na mume wamechangia babu. Sisemi ndoa hizo zivunjwe, siyo kazi yangu. Nasema familia ambayo watu wake wamekufa kwa moyo wakiwa vijana, na ambayo inaoana ndani kwa ndani, ina sababu ya kupima watoto mapema.

Haya, tumeona jeni inayodhuru. Sasa nataka tukae zaidi kwenye ile inayokinga, kwa sababu ndiyo hadithi inayotuhusu Waafrika moja kwa moja, na kwa maoni yangu ni moja ya hadithi bora kabisa za sayansi ya tiba katika karne hii.

Mwaka 2003 huko Paris, Marianne Abifadel, Catherine Boileau na wenzao walikuwa wanafuatilia familia za Kifaransa zenye LDL ya juu ambazo jeni ya kipokezi ilikuwa salama. Tatizo lilikuwa wapi? Walilikuta kwenye kromosomu ya 1, katika jeni iliyopewa jina la PCSK9. Protini yake ilikuwa ndiyo kwanza imegunduliwa kule Montreal na Nabil Seidah, mwanasayansi mzaliwa wa Misri. Kazi ya protini hii turudi bandarini tuielewe. Kuli amebeba gunia, anaingia ghalani. PCSK9 ni kama mtu aliyemng'ang'ania mkononi, na kuli aliyeng'ang'aniwa hatoki tena. Anamalizwa humo humo pamoja na mzigo. Familia zile za Ufaransa zilikuwa na PCSK9 yenye nguvu kupita kiasi, kwa hiyo makuli waliisha na LDL ikapanda.

Dallas kulikuwa na Helen Hobbs na Jonathan Cohen waliosoma matokeo hayo wakajiuliza swali la upande wa pili. Kama PCSK9 kali inapandisha LDL, je, hakuna watu ambao PCSK9 yao ni dhaifu au haipo, na LDL yao iko chini? Bahati nzuri walikuwa na pa kutafutia. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa afya ya moyo wa wakazi wa Dallas, na karibu nusu ya waliopimwa walikuwa Wamarekani weusi. Mwaka 2005 walitoa majibu: kama asilimia 2 ya Wamarekani weusi walikuwa na mabadiliko mojawapo kati ya mawili yanayoikata PCSK9 katikati isifanye kazi, na LDL yao ilikuwa chini kwa kama asilimia 40. Kwa Wazungu mabadiliko hayo yalikuwa adimu sana.

Swali likabaki: LDL kuwa chini ni jambo moja, je, mioyo yao ilinufaika? Mwaka uliofuata, 2006, walikwenda kwenye utafiti mwingine wa Marekani uliokuwa umewafuatilia watu wa makamo kwa miaka 15. Walikuwamo weusi 3,363. Kati yao 85 walikuwa na PCSK9 iliyokatika, na LDL yao kwa wastani ilikuwa chini kwa asilimia 28. Katika miaka hiyo 15, wasiokuwa na mabadiliko hayo karibu asilimia 10 walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kati ya wale 85, alipata mtu mmoja tu. Hatari imepungua kwa asilimia 88. Na kumbuka watu hawa hawakuwa wanajitunza kuliko wenzao. Wengi kwenye utafiti ule walikuwa na presha, walikuwamo wavuta sigara na wenye kisukari. Walichokuwa nacho zaidi ni LDL ya chini tangu siku ya kuzaliwa.

Wengine waliogopa: mtu akikosa PCSK9 kabisa, si atadhurika? Jibu lilikuja kwa wanawake wawili. Wa kwanza ni Mmarekani mweusi aliyerithi PCSK9 mbovu kutoka pande zote mbili. LDL yake ilikuwa miligramu 14 kwa desilita, wakati ya wengi wetu ni 100 na zaidi, naye ni mzima, amesoma chuo, amezaa. Wa pili alipatikana Zimbabwe, katika utafiti uliotolewa mwaka 2007. Watafiti walipima damu za akina mama weusi waliokuwa wamejifungua, wakakuta karibu asilimia 4 wana moja ya mabadiliko yale yale ya Dallas, na mmoja wao, binti wa miaka 21, alikuwa nayo kwenye nakala zote mbili, LDL yake ikiwa 0.4 kwa vipimo vya milimoli. Naye mzima. Kwa hiyo jeni hiyo haikuzaliwa Texas. Ilivuka bahari ndani ya miili ya watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, ikaendelea kupita kizazi hadi kizazi bila mtu kujua ipo.

Makampuni ya dawa yaliona fursa mara moja: mtu asiye na PCSK9 anaishi salama na moyo wake umekingwa, basi tutengeneze dawa ya kuizuia. Mwaka 2015 dawa mbili za sindano, alirokumabu na evolokumabu, ziliidhinishwa Marekani na Ulaya. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2017, wenye wagonjwa zaidi ya 27,000 ambao tayari walikuwa wanatumia statini, ulionyesha evolokumabu inashusha LDL kwa kama asilimia 59 zaidi na kupunguza matukio ya moyo na kiharusi. Baadaye ikaja inklisirani, inayolizuia ini lisitengeneze protini hiyo kabisa. Baada ya dozi za mwanzo, sindano ni mara mbili tu kwa mwaka. Umoja wa Ulaya uliipitisha mwishoni mwa mwaka 2020, Marekani mwaka mmoja baadaye. Na mwaka 2022 huko New Zealand mgonjwa wa kwanza alipewa dawa ya majaribio inayobadilisha herufi moja ndani ya jeni ya PCSK9 kwenye ini, kwa nia ya kumaliza kazi kwa dozi moja ya maisha.

Lakini bei! Sindano za kwanza zilipoingia sokoni Marekani zilitangazwa kwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2018 bei ya evolokumabu ilishushwa mpaka kama dola 5,850. Hata hiyo ya kushushwa, nani Bujumbura au Kisumu atailipa? Elimu iliyozaa dawa hizi ilitoka kwa sehemu kubwa kwenye damu ya watu wenye asili ya Afrika, na Afrika ndiko mahali ambapo ni vigumu zaidi kuzipata. Sioni haja ya kupamba maneno hapo. Afadhali statini zipo. Msingi wake uligunduliwa na Mjapani Akira Endo kwenye ukungu mwaka 1973, ya kwanza iliingia sokoni Marekani mwaka 1987, na leo ni vidonge vya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani liliiweka simvastatini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2007. Statini zinapunguza kiasi cha kolesteroli ambacho ini linajitengenezea, ini linajikuta na upungufu, linatoa makuli zaidi kwenda kuitafuta kwenye damu. Kwa mwenye nakala moja mbovu zinasaidia sana, kwani ile nakala nzima inabanwa ifanye kazi zaidi.

Kuna hesabu moja inayofundisha sana. Katika uchambuzi wa mwaka 2012, watafiti walikusanya mabadiliko mbalimbali ya jeni yanayoshusha LDL, wakaona kwamba kila LDL inapokuwa chini kwa milimoli moja kwa lita kwa maisha yote kutokana na jeni, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inapungua kwa zaidi ya nusu. Statini ikishusha kiasi hicho hicho kwa mtu mzima, hatari inapungua kwa kama asilimia 22 tu katika miaka michache ya utafiti. Tofauti ni muda. Aliyeanza akiwa tumboni amekula faida miaka 50, aliyeanza na kidonge akiwa na miaka 60 amechelewa basi.

Njia hiyo hiyo ya kutumia jeni kama jaribio la asili imebomoa jambo tulilolishika kama msahafu. Tumefundishwa HDL ni "kolesteroli nzuri", ukiipandisha umepona. Mwaka huo huo wa 2012 ukatolewa utafiti wa watu waliozaliwa na mabadiliko ya jeni yanayopandisha HDL peke yake. Hawakuwa na nafuu yoyote ya mshtuko wa moyo. HDL ya chini ni dalili kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini kuipandisha kwa nguvu siyo dawa. Nasisitiza hili kwa sababu Waafrika wengi tuna HDL ya juu kidogo, na nimewasikia watu wakijifariji nayo huku LDL yao iko juu.

Halafu kuna kifurushi ambacho kwenye vipimo vya kawaida hakionekani kabisa. Kinaitwa lipoprotini a ndogo, na kiligunduliwa na Kåre Berg huko Oslo mwaka 1963. Ni LDL iliyofungwa mkia wa protini ya ziada. Kikiwa kingi kinaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na kiwango chake kwa kiasi kikubwa sana kimeamuliwa na jeni moja. Kukimbia na kula majani hakukushushi. Watu weusi kwa wastani wana kiwango mara mbili mpaka tatu ya Wazungu. Mpaka mwaka 2025 dawa zilizolengwa kwake zilikuwa bado kwenye majaribio. Kinapimwa mara moja tu maishani, kwa kuwa hakibadiliki sana.

Ila hata hapa jeni haikushinda peke yake, na ushahidi unatoka kwetu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kiitaliano na wenzao walikwenda Ludewa, kusini magharibi mwa Tanzania, wakalinganisha Wabantu wa eneo moja: wanavijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaokula samaki kila siku, na wa milimani wanaokula zaidi mimea. Utafiti unajulikana kwa jina la Lugalawa. Majibu ya mwaka 1996 yalionyesha wala samaki wana presha ya chini zaidi, na lipoprotini a ndogo ya chini zaidi. Mwaka 1999 wakarudia kwa kuangalia pia umbo la jeni lenyewe, na hata kwa watu wenye umbo linalofanana, wala samaki bado walikuwa chini. Hao walikuwa wanakula samaki wa ziwani tangu utoto, siyo makopo mawili ya jodari kwa wiki.

Na Wamaasai je? Kila mwanafunzi wa tiba huwasikia. Daktari George Mann aliwapima Tanganyika, akachapisha mwaka 1964: maziwa, nyama na damu, lakini kolesteroli yao iko chini na ugonjwa wa moyo hauonekani. Wengine wameshika hiyo wakadai mafuta hayana neno. Wanasahau sehemu ya pili. Mwaka 1972 Mann huyo huyo na wenzake waliripoti uchunguzi wa maiti za Wamaasai 50: mafuta kwenye mishipa yalikuwapo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na walidhani ni kwa sababu ya kutembea sana. Watafiti wengine walikuta mwaka 1971 kwamba Mmaasai akiongezewa kolesteroli kwenye chakula, mwili wake unapunguza sana ile unayoitengeneza. Na mwaka 2012 uchambuzi wa jeni za Wamaasai wa Kinyawa, Kenya, ulionyesha dalili kwamba maelfu ya miaka ya kuishi na ng'ombe yamechagua mabadiliko fulani katika jeni zinazoshughulikia maziwa na mafuta. Kwa hiyo Mmaasai anaweza kuwa na kinga yake. Mchaga au Mganda anayekula nyama choma ya Mmaasai na kukaa maktaba saa kumi kwa siku hawezi kuiazima.

Mpaka sasa nimezungumzia jeni moja moja zenye nguvu. Wengi wetu hatuna hizo. Tuna mamia ya mabadiliko madogo madogo, kila moja likisukuma LDL kidogo juu au chini. Siku hizi huko Ulaya na Marekani wanayajumlisha na kumpa mtu alama ya hatari. Tatizo ni kwamba alama hizo zimepikwa zaidi kwa data za Wazungu. Mwaka 2022 Segun Fatumo na wenzake walizijaribu kwa Waafrika. Alama iliyotengenezwa kutokana na Wamarekani weusi ilifanya vizuri kuliko ya Wazungu, na kwa Wazulu wa Afrika Kusini ilitabiri LDL vizuri kiasi, lakini kwa Waganda ilikuwa karibu haina maana. Neno "Mwafrika" kwenye jenetiki ni pana mno, kwani Afrika ina tofauti za jeni kuliko mabara mengine yote. Wale mnaonunua vipimo vya mate kwa posta mkaletewa alama ya moyo, jueni mmepimwa kwa mizani ya watu wengine. Uganda imeanza kujaza pengo: mwaka 2019 ulitolewa uchambuzi wa jeni za Waganda kama 6,400 wa vijijini kusini magharibi mwa nchi. Ni mwanzo mzuri, na wenzetu mnaosoma takwimu na kompyuta, hapo kuna kazi ya kutosha ya udaktari wa falsafa.

Mtu ataniuliza, sasa kama ni jeni, nikajinyime nini? Mwaka 2016 watafiti wa Boston walitoa uchambuzi wa watu zaidi ya 55,000. Waliokuwa na urithi mbaya lakini hawavuti sigara, siyo wanene kupita kiasi, wanafanya mazoezi na wanakula vizuri, walikuwa na matukio ya moyo karibu nusu ya wale wenye urithi huo huo wanaoishi ovyo. Tena kwa sisi Waafrika, presha na kiharusi ndivyo vinavyotangulia. Uingereza watu weusi wana mshtuko wa moyo mchache kuliko Wazungu, lakini kiharusi kingi zaidi. Kupima kolesteroli ukaacha presha ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

La kufanya, basi. Kwanza piga simu nyumbani, na uulize vizuri. Usiulize, "Kwetu kuna ugonjwa wa moyo?" Utajibiwa hapana, kwa sababu wengi hawakuwahi kupimwa. Uliza mmoja mmoja: baba mkubwa alifariki akiwa na umri gani? Ilikuwaje siku hiyo? Alilalamika kifua, au walisema ni vidonda vya tumbo? Shangazi aliyepooza upande, alikuwa na miaka mingapi? Kuna mtu ana vinundu vigumu kwenye mshipa wa nyuma ya kisigino au juu ya vifundo vya vidole? Vinundu hivyo ni kolesteroli iliyojikusanya. Mzee akisita, na wengi watasita, hasa pale ambapo kifo kilishapewa maelezo ya uchawi, usibishane naye kuhusu uchawi. Chukua umri na dalili, inatosha. Mwanamume aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60, ndiye unayemtafuta.

Pili, kapime. England ukaguzi wa afya wa bure unaanza miaka 40, kwa hiyo wewe wa miaka 23 hutaitwa. Ni lazima umwendee GP na umwambie historia ya ukoo. Tangu mwaka 2008 mwongozo wa huko unataka jamaa wa aliyegundulika nao wapimwe, na ndugu wa damu, mzazi au mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Marekani, tangu mwaka 2011 wataalamu wanashauri hata watoto wa miaka 9 mpaka 11 wapimwe mara moja, kwa hiyo kuomba kwako hakutawashangaza, ila soma bima yako ya chuo kwanza.

Tatu, angalia vipimo unavyoandikiwa. Marekani wanaandika miligramu kwa desilita, Uingereza milimoli kwa lita, na nyumbani utakuta vyote viwili kutegemea maabara. Ukitaka kutoka milimoli kwenda miligramu, zidisha kwa 38.7. LDL ya milimoli 4.9 ni sawa na miligramu 190, na mtu mzima mwenye kiasi hicho au zaidi asiambiwe tu aache chipsi. Aulize kuhusu ugonjwa wa kurithi. Kwa kijana hata kiwango cha chini ya hapo kinatosha kuuliza, ikiwa ukoo una historia. Karatasi ya majibu usiitupe. Piga picha, mtumie na dada yako aliyeko Mwanza au kaka aliyeko Muscat, na umwambie naye apime LDL, siyo kolesteroli ya jumla peke yake.